Ukaguzi wa Pili

Nimerudi na fomu ileile,
kurasa kumi na nne, karatasi ya kaboni katikati,
na shefu wa usalama, Bwana Kalumba, ananipokea getini
kwa kicheko cha mtu aliyesoma gazeti kabla yangu.
«Mama Numbi, kile kifungu chako kilikufa mwezi wa tatu.
Iko ingine. Nayo bado inangoja hatua za utekelezaji.»

Basi nakata mstari juu ya namba ya kifungu,
naandika mpya pembeni, kwa penseli,
maana hata hiyo mpya sina hakika kama itafikia mvua.

Tunaingia.
Ubao wa kijani karibu na mzani unasema
SIKU 412 BILA AJALI,
na chaki ya ile mbili bado mbichi.
Chini yake Kyembe anafagia:
mkono wa kulia una vidole vitatu.
Simuulizi. Ananiambia mwenyewe, macho kwenye ufagio,
«Ilikuwa siku ya posho. Sisi wa kontra hatuhesabiwi pa ubao.»
Fomu ina kisanduku cha wafanyakazi,
ina kisanduku cha wageni.
Namwandika Kyembe ukingoni,
kwa herufi ndogo zinazopanda karatasi kama sisimizi.

Barakoa ziko kabatini, nyuma ya kioo, bado ndani ya nailoni.
Kalumba ananionyesha kama sahani za arusi.
Ufunguo?
Ufunguo uko Likasi, na mtu wa stoo.

Kwenye tangi la asidi nakohoa mpaka machozi.
Wao hawakohoi.
Nimeandika hilo pia.

Mwaka jana maji ya mfereji huu yalikuwa kosa,
na kosa lilikuwa na faini, na faini ilikuwa na risiti.
Sasa kikomo kimesogezwa, anasema Kalumba,
na maji, bila kutoka mferejini,
yametakasika kwa sahihi ya mtu aliye Kinshasa
asiyejua yananuka nini saa tisa ya jua.

Nyuma ya ukuta, pale mfereji unapochomoza,
Mama Chola anamwagilia lengalenga kwa kopo la maziwa.
Nachovya kipande changu cha karatasi.
Kinageuka chekundu upesi,
kama mtu aliyetajwa jina mbele ya kanisa.
«Inasema nini?»
Namweleza: kwa sheria ya zamani, hapana.
Kwa sheria mpya, huenda,
tukishapata hatua za…
Ananyoosha mgongo, mkono kiunoni.
«Na hizi lengalenga, mulizisomea ile mpya?»

Kisha akanifungia fungu kubwa, kwa ugwe wa mgomba.
Mgeni haondoki mikono mitupu.
Sikujua kifungu cha kukatalia.

Sasa ni usiku, Katuba, umeme umekatika.
Fomu iko mezani, nafasi ya maoni bado nyeupe,
na fungu la Mama Chola limelala juu yake,
linadondosha maji polepole
juu ya muhuri wa serikali.
Binti yangu amebandika sufuria ya bukari.
«Mama, tunapika hizi?»

Natafuta jibu kwa namna fomu inavyolitaka:
ndiyo,
hapana,
haihusiki.

Anangoja, kisu mkononi.
Maji yameanza kuchemka.