Mkia wa Herufi

Nilimpata nikiwa na miaka ishirini na sita,
Januari, ukungu wa Vic umeufunga mji kama barua.
Padri Segimon, mtunza nyaraka, aliniwekea mezani
kitabu cha ngozi ya ndama, akaniachia jiko la mkaa
lililopasha moto magoti yake, si yangu.
"Nawa mikono," alisema. "Kisha ikaushe.
Kisha isahau."

Hakuwa na jina. Wanakili wa zama zile hawana.
Alikuwa na herufi g, na g ile ilikuwa na mkia
uliojikunja kushoto, kama wa paka aliyeshiba.
Nikaufuata miaka thelathini na mmoja:
katika zaburi, katika visa vya watakatifu,
katika utenzi wa mapenzi uliokatwa vipande
na fundi fulani, akatilia nguvu jalada la daftari la kodi.

Kila Krismasi mama aliuliza kazi yangu ni nini hasa.
Nasoma, nikamwambia. Akasema: hata mimi nasoma,
wala silipwi.
Nami nililipwa kwa matone. Mikataba ya miezi tisa,
somo moja Lleida, somo moja Tarragona,
usingizi ndani ya treni, tasnifu begani kama mtoto mgonjwa.
Ponç aliondoka mwaka wa kumi na mbili.
Alisema nina mume mwingine, tena marehemu.
Sikubisha. Nilikuwa nahesabu mistari.

Nilimjua, basi. Nilijua alipokohoa, wino uliporuka,
nilijua tundu la ngozi alilolizunguka kwa adabu
kama mtu apitaye kando ya aliyelala.
Nilijua pambizoni, kwa maandishi madogo kama chawa,
lalamiko lake moja tu: *Dengu tena leo.*
Nikamwandikia kitabu. Kurasa mia nne na sita.
Kikanipa cheo, ofisi yenye dirisha,
na ua la plastiki la profesa aliyenitangulia.

Kisha akaja Guifré, mtoto wa mfuga nguruwe,
Kilatini chake cha kuombea maji, ila macho anayo.
Alasiri moja akabisha hodi, hakuketi.
"Profesa, mkia," akasema.
"Baada ya dengu, mkia unatetemeka."
Nikacheka. Nikachukua lenzi.
Nikaacha kucheka.

Walikuwa wawili.
Wa kwanza aliishia katikati ya neno
(neno lenyewe ni "shayiri"; ningependa lingekuwa zito zaidi),
wa pili akachovya unyoya, akamalizia,
akiiga g ya mwenzake kwa hofu, mstari baada ya mstari,
hadi ukurasa wa ishirini mkia ukashiba tena
na mtu yeyote angeapa ni yule yule.
Mimi niliapa.

Tuliandika makala ya kurasa kumi na moja
kukipinga kitabu changu. Jina la Guifré mbele.
Kwenye ukumbi wa kitivo watu walishusha sauti,
mmoja akanishika bega, akanipa pole,
nami nikapokea, ingawa kitabu hakikuniuma.
Kilichoniuma ni hiki:
miaka yote ile mezani pake, nikipumua juu ya mkono wake,
sikujua kwamba amekufa.
Dengu ndiyo ilikuwa kauli ya mwisho, nami niliinukuu
kwenye mihadhara ili watu wacheke.

Ijumaa nilikabidhi funguo.
Guifré alinisaidia kufunga masanduku,
akaandika jina langu ubavuni, Margarida, kwa kalamu nene.
Niliinama kutazama g yake:
fupi, mbaya, haina mkia wowote.
Nikashusha pumzi.
Ua la plastiki nimemwachia; lina vumbi la watu watatu.

Nyumbani nikanawa mikono, nikaikausha.
Kuisahau, bado.