Kanisa Lililouzwa, Blaenau

Nilikwenda kugombana.
Zamu ya usiku imenivunja mgongo,
na ukuta unanguruma kama mashine ya kusaga.

Gwilym akafungua, nywele hadi kiunoni,
uso umepakwa masizi,
akaomba radhi kwa sauti ya mtoto wa madrasa.
"Subiri kidogo. Fidla inakuja."

Nikasubiri, kandambili zimelowa.

Ngoma zikashuka, mvua ya mawe juu ya bati,
gitaa likachanika, mtu akapiga ukemi,
na chini yake, jamani,
uzi mmoja mwembamba
ukapita bila kukatika,
kama mtu anayedarizi kofia
huku paa linavuja.

Sikulala.

Usiku, wodini, nikimwosha mzee Pritchard mgongo,
nikauimba puani ule uzi.
Nilipousahau
akaumalizia yeye.