Mia Tatu

Kilo moja ya tambi kavu, na gundi.
Ndivyo kanuni zilivyosema, zimebandikwa
mlangoni mwa maabara ya shule, mjini Szolnok,
majira ya baridi niliyotimiza miaka tisa:
daraja livuke mita moja ya hewa
bila uzi, bila waya, bila msumari.

Dada yangu Boglárka akanunua pakiti sita.
Bibi Etelka akazihesabu mezani
kama anayehesabu fedha za mwenzie.
"Chakula," akasema. Neno hilo tu.
Kisha akaenda kupanga upya mitungi ya kachumbari
ambayo haikuhitaji kupangwa.

Usiku tulibiringisha tambi mojamoja juu ya kioo.
Iliyonyooka huteleza kimya.
Iliyopinda huchechemea, tik, tik,
nayo huishia katika bakuli la bibi.
Mimi ndiye niliyekuwa sikio.

"Ivute," Boglárka akaniambia.
Nikaivuta; ikanivumilia.
"Sasa isukume, ncha kwa ncha."
Ikatoa tumbo, ikakatika vipande vitatu
kabla sijatia nguvu.
"Umeona? Ukiivuta ni shujaa, ukiibana ni mwoga.
Basi ya kuvutwa iwe ndefu, ya kubanwa iwe fupi,
na mwoga asisimame peke yake."
Akafunga ishirini na tano pamoja,
mche mmoja, mnene kama kidole chake cha mwisho.

Kisha pembetatu.
Pembetatu mezani, pembetatu chini ya kitanda,
pembetatu juu ya kabati, mbali na mvuke wa jikoni,
kwa kuwa mraba ukisukumwa hulala ubavu
lakini pembetatu haina pa kukimbilia.

Baba alirudi zamu, mchomeleaji wa reli,
akasimama kofia mkononi, hakugusa kitu.
"Chuma hakifi katikati," akasema.
"Hufia kwenye kiungo."

Kiungo cha kumi na saba nilikishika mimi.
Boglárka alikuwa bafuni akikwangua gundi vidoleni.
Nilitakiwa kuhesabu hadi mia tatu bila kutikisika.
Nilifika mia moja na arobaini.
Nje theluji ilikuwa imeanza,
na watoto wa Szendrei walipita wakiburuta ubao wao,
wakipiga kelele ambazo hazikuwa na jina langu.
Nikaachia.
Kikashika. Kilionekana kimeshika.
"Mia tatu!" nikapaza sauti.

Siku ya mashindano, ndoo ilining'inia katikati ya daraja
na mwalimu Halmágyi akamimina mchanga kwa kikombe.
Haba na haba.
Kilo kumi. Ishirini. Madaraja ya wengine
yalikwisha kulala sakafuni kama nyasi za kiangazi.
Thelathini na nane. Mtu akaacha kutafuna.
Kwenye arobaini na sita daraja lilitoa sauti nyembamba,
kama glasi inayozungushwa kidole ukingoni,
na Boglárka akanishika bega
bila kujua anashika bega la nani.

Arobaini na saba.

Sikuona likivunjika. Niliona tu mchanga
ukikimbia hadi viatu vya watu.

Nafasi ya pili. Walipiga makofi.
Dada alipiga magoti, akaokota vipande,
akavisoma kimoja kimoja kama barua.
Kimoja alikikazia macho kwa muda:
kwenye gundi palikuwa na alama ya kidole gumba,
ndogo mno kuwa yake.
Akakitia mfukoni.

Jioni hiyo bibi alipika zile zilizopinda,
kwa kabichi na pilipili manga nyingi.
Baba alikula kimya, akaomba nyongeza.
Nami nilipokimbilia sahani yangu kwa uma,
Boglárka akaisogeza kando, taratibu,
kwa kidole ambacho bado kilikuwa na gundi.

"Ni za moto," akasema.
"Hesabu hadi mia tatu."

Nikahesabu.
Zote.