Kusoma Tu

Kebo niliinunua Luthuli, mita ishirini na tano,
muuzaji akaipima kwa mikono yake mifupi
na mimi sikubishana.
Imetoka sebuleni kwa dirisha la jikoni,
ikapita juu ya kamba ya nguo, chini ya bati,
hadi kwota, kwa Mwadime.
Stima ilirudi Buruburu saa nne asubuhi,
nikaanza kazi kabla haijabadili nia.

Mama amevuta stuli, miwani puani,
anakifuata kishale kinavyotembea.
"Hii D ni chumba au ni kabati?"
Ni kabati, Mama. Ndani mna folda.
Kila folda ina mlango, kila mlango una daftari
la nani aingie, na akiingia afanye nini.
"Na huyu wa juu hapa, Kila Mtu, ni nani?"
Ni kila mtu.
"Mtoe. Simjui."

Nikamtoa Kila Mtu.

Tukaanza na hesabu za chama.
Mwezi wa tatu Mwadime aliingia humo akitafuta filamu,
akatoka, na michango ya akina mama kumi na tisa
ikabaki safu moja ya sufuri.
Aliapa hakugusa. Labda hakugusa.
Nikamweleza Mama: ipo ruhusa ya kusoma tu.
Mtu huona yote, ila hafuti,
haongezi hata nukta.
Akanyamaza, akafuta miwani kwa ncha ya leso.
"Kuona bila kushika," akasema.
"Na hii ilikuwepo siku zote?"

Hati ya shamba la Wundanyi: Mama, yote.
Mimi, kusoma. Mwadime,
hapo kidole kikasita.
Katika mtambo huu kataa humshinda ruhusu.
Mruhusu mtu mara kumi, mkatae mara moja,
amekataliwa.
Nilidhani ni sisi tu tulio hivyo.
Nikaviacha visanduku vyake vitupu, nikasonga mbele.

Chini kabisa, folda ya njano: BINAFSI.
Nikabofya. Ruhusa imekataliwa.
Mimi, niliyeuunganisha mtambo, mwenye nywila zote!
Nikauliza mmiliki ni nani.
Mahali pa jina pakaja tarakimu, mstari mzima,
S, kistari, moja, kistari, tano,
kama namba ya kaburi la mji.
Akaunti ya Baba niliifuta mwenyewe
wiki tatu baada ya matanga,
nikidhani nafanya usafi.
Mashine haikumsahau. Ilipoteza jina tu,
ikashikilia namba ya aliyekuwa nalo.

"Inafunguka?"
Inafunguka. Kuna kitufe cha kutwaa umiliki.
"Hicho kitufe kinabisha hodi?"
Hakibishi, Mama.
Akageuza uso upande wa jiko.
"Bonyeza."

Risiti. Za tokeni, za maji, za meno yake ya bandia.
Na kumi na moja za Mwadime:
deni la duka la simu, kodi ya Umoja miezi minne,
deni la mtu aitwaye Shoti,
zote zimelipwa, zote za miaka ile
tuliyoambiwa kijana ametulia.
Mama alizisoma moja moja, midomo ikicheza.
Hakuongeza hata nukta.

Kwa kanuni, folda ya ndani hurithi ruhusa za folda mama.
Urithi huo waweza kuukata, kitufe kipo.
Nikamuuliza: nikate?

Dirishani ikaja sauti:
"Mghoi! Huku inasema sina ruhusa!"
Ruhusa ya nini?
"Ya kitu chochote!"

Mama akainuka, akateka maji ya chai,
vikombe akatoa vitatu.
"Mwambie asipige kelele kwenye waya.
Mlango wa jikoni hauna nywila."

Nikasikia ndara zake uani, polepole,
zikizunguka beseni la nguo.
Mbele ya jina lake visanduku bado vitupu,
na kishale changu kinameremeta katikati.