Mkono wa Kulia

Saa kumi na moja alfajiri, Embakasi, mwezi wa saba.
Kantini ya wafanyakazi, chai imefunga utando,
na Halake Guracha anawasha injini kwa kinywa chake:
"Kwanza hewa, kutoka ile injini ndogo ya mkiani.
Feni inageuka kivivu, kama mtu aliyeamshwa kwa jina la utani.
Unangoja. Asilimia ishirini. Ishirini na mbili.
Hapo ndipo unaipa mafuta, si kabla,
na jicho halibanduki kwenye joto.
Joto likiupita mzunguko mbio, kata.
Usiionee haya. Kata."

Mghoi anacheka. Ndege yake mpya hujiwasha yenyewe:
anazungusha kitasa, kompyuta inahesabu,
ikichukizwa inazima, inajipepea, inajaribu tena.
"Basi wewe wafanya nini?"
"Natazama. Kama mavyaa jikoni."

Hapa hewa ni nyembamba, futi elfu tano na ushee;
injini huvuta pumzi kama mgeni aliyepanda ngazi.
Ndiyo maana njia yetu ya kurukia ni ndefu,
na siku ukiihitaji, ni fupi.

Kisha, bila kuulizwa, Mghoi anaweka kikombe chini.
Juzi. Watu mia moja na kumi na wawili.
"Mwenzangu akasema: noti themanini—"
"Za benki?" Halake anadakia. Hajibiwi.
"Mia. Mia na kumi na tisa.
Korongo wawili, wale wa jaa la Dandora,
wakavuka mbele yetu na miguu yao ya fimbo.
Mmoja nilimwona.
Wa pili nilimsikia."

Mkono wake unarudi nyuma juu ya meza,
unavuta vishikio visivyokuwepo.
Kijiko kinaanguka.

"Nikasema: Sitisha. Sauti ilikuwa yangu, ila ndogo.
Tulisimama breki zikiwa nyekundu,
tairi zikijitoa upepo moja moja, pff, pff,
kama watoto waliochoka kulia.
Mzee mmoja akaningoja mlangoni:
'Umenikosesha kumzika dada yangu.'
Nilikuwa na jibu. Sikulitoa."

"Kujikwaa si kuanguka," anasema Halake,
na kwa mara ya kwanza hatanii.
Yeye amesitisha mara tatu katika miaka thelathini na mmoja;
anazitaja kwa tarehe, kama mtu atajavyo wanawe.
"Na wewe?"
Nakoroga chai isiyo na sukari.
"Bado," nasema. Na ni kweli.

Siwaambii habari za jioni ile ya mvua,
noti mia na ishirini na nne,
taa ya manjano ikapepesa upande wa injini ya pili,
mara moja tu, kope ya mtu anayetaka kukwambia jambo
mbele ya wageni.
Zilibaki sekunde mbili kufikia kasi ya uamuzi.
Mkono ulikuwa pale. Njia ilikuwepo.
Nilikwenda.

Mombasa mafundi walisema ni kipima tu, waya umelowa.
Abiria mmoja alipiga makofi.
Nikapewa juisi ya ukwaju, baridi.
Hakuna aliyenidai tangu siku hiyo,
na deni lisilo na mdai halina pa kulipwa.

Saa moja na robo. Jua latokea upande wa Athi,
jembamba kama hewa yenyewe.
Nimewasha ya pili, nimewasha ya kwanza,
joto limepanda, likakaa linapotakiwa kukaa.
Mnara umeturuhusu. Sirengo, kijana, kola bado ngumu,
anasoma kasi kwa sauti ya darasani.
Themanini.
Mia.
Nyasi za pembeni zimekuwa mstari mmoja wa kahawia.
"Uamuzi," asema,
na kwa kanuni mkono wangu wa kulia waachia vishikio,
usije ukashawishika.
Unabaki hewani kidogo, hauna kazi.
Nauweka gotini,
nao unatetemeka, ukidhani siuoni.