Droo ya Tatu

Kila baada ya miezi mitatu napita na boksi la viatu
kukusanya beji.
Nyeusi, nyepesi kama ganda la karanga,
hazilii, haziwaki, hazimwonyi mtu.
Zinameza tu kile wasichokiona wanaozivaa,
kisha nazifunga kwenye bahasha
zipande basi la Arusha, zikasomwe.

Chumba cha moyo hakina dirisha.
Nje jua la Dodoma linapasua udongo,
na lile angalau lina adabu: linakuchoma ukijua.
La humu ndani halina joto wala kivuli.
Dakika arobaini, kwa mkulima wa zabibu kutoka Hombolo:
mrija ukapanda toka kifundo cha mkono
hadi penye mshipa ulioziba,
na Sista Sechelela kasimama kichwani pake
akimwongelesha kwa Kigogo habari za mvua.

Lugha yetu ina mzaha:
risasi moja huua, nyingine hukinga.
Mabegani kabeba kilo saba za hiyo ya pili.

Majibu yalirudi Alhamisi.
Dokta Ndahani, ambaye mikono yake
hukaa ndani ya mwanga kuliko ya wote: sifuri.
Sechelela: namba nyekundu, imepigiwa mstari.

Nilisimama na karatasi kama mpima zabibu
aliyeona kreti lililofurika
halisogezi mshale wa mizani.
Nikaenda chumba cha kubadilishia nguo,
nikavuta droo ya tatu.
Beji ya daktari ilikuwa humo, imelala juu ya soksi,
salama,
haijawahi kuona moyo wa mtu.

Sikumlaumu upesi. Kanuni inasema
ukizidi kiwango, unapumzishwa.
Wako wawili tu, mwenzake yuko masomoni,
na foleni, tukiipanga barabarani, itafika Kibaigwa.
"Nikipumzishwa mimi," alisema bila kunitazama,
"watapumzishwa wengi."

Basi aliyesema kweli ndiye aliyehamishwa.
Jumatatu Sechelela alipelekwa kliniki ya macho,
akaniachia beji kiganjani, bado ina joto la kifua chake.
Hakulia. Aliuliza tu:
"Na ile ya droo, inaendeleaje?"

Asubuhi ileile nikambana Ndahani beji kwa mkono wangu,
kama unavyomfunga kifungo mtoto wa shule.
Hakukataa. Hakushukuru.
Akasukuma mlango kwa kiwiko, akaingia.

Mwezi wa tisa bahasha itarudi.
Sijui nitaifungua nikiwa nimekaa wapi.