Sahani ya Mgeni

Daktari hakuniambia nipungue.
"Desemba, Bwana Zenon," alisema akifunika kalamu,
"hapa Lublin hapungui mtu.
Nakuomba jambo moja tu:
ufike Januari ukiwa wewe yuleyule."

Rahisi, nikawaza. Nani hushindwa kubaki alivyo?

Lakini mimi ni dereva wa basi la waya,
kazi yangu ni kukaa,
na tangu sikukuu ya Mtakatifu Nikola
kila abiria ana mfuko wa biskuti za tangawizi:
onja, dereva, mama kazioka mwenyewe.
Mikono ikishika usukani, mdomo hubaki bila mlinzi.

Nikachukua msumari, nikautoboa mkanda wangu tundu moja,
nikaliambia: mpaka ni wewe.

Mizani iko bafuni.
Na bafuni, siku mbili kabla ya mkesha, yuko karpi,
samaki mzima, mnene,
anazunguka ndani ya hodhi tunamooga
tangu Halina alipomleta kutoka sokoni.
Napanda mizani, ananitazama.
Tisini na sita.
Kesho yake, tisini na sita na nusu.
Anafumbua mdomo, anafumba,
kama anayehesabu pamoja nami.
Ndugu yangu, sote wawili tumenoneshwa kwa usiku mmoja;
tumetofautiana upande wa uma tu.

Nyota ya kwanza ikatoka juu ya paa la gereji.
Nyasi kavu chini ya kitambaa cheupe, vyakula kumi na viwili juu yake,
na ole wako uruke kimoja:
mama mkwe, Leokadia, atakutajia mwezi utakaolala njaa.

Nilikuwa na mpango. Kisahani cha chai,
kijiko kimoja cha kila kitu:
supu ya bitiruti, heringi katika mafuta,
pierogi za kabichi na uyoga,
yule ndugu yangu wa bafuni, sasa kimya, na limau,
ngano iliyolowa asali.

"Leo tumealika paka?" akauliza Leokadia,
upawa hewani.

Halina akanikanyaga mguu. Najua, najua.
Akiwa na miaka sita, Leokadia alikula maganda
ya viazi walivyokula wengine.
Kwake kisahani si afya.
Kwake kisahani ni vita vinabisha hodi.
Utamwambiaje mtu wa namna hiyo
kwamba siku hizi kinachotuua ni shibe?
Nikasogeza sahani kubwa. Akajaza. Nikala.
Akajaza tena.

Ndipo kengele ikalia.

Bwana Klemens wa orofa ya tano, mwembamba kama kiango cha koti,
umeme wake umekatika, anaomba mshumaa.
Mshumaa!
Miaka thelathini tunaandaa sahani moja ya ziada
kwa mgeni asiyetarajiwa,
miaka thelathini tunairudisha kabatini safi,
na sasa mgeni kasimama mlangoni na viatu vya nyumbani.

Upawa ukageuka. Ukanisahau.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
nilipona, wallahi, nikiwa bado natafuna.

Alikula polepole.
Marehemu mkewe, alisema, hakuzidisha asali.
Halafu hakusema tena, na hatukumhimiza.

Lifti ilikuwa mbovu.
Nikampandisha na sufuria, nikashuka;
Leokadia kakumbuka keki ya mbegu za mpopi, nikapanda;
kakumbuka mkate.
Ngazi themanini na nne, mara tatu,
theluji dirishani, moyo ukigonga kama fundi bomba.

Nimeendelea kupanda, jioni nyingi.
Wakati mwingine na supu, wakati mwingine mikono mitupu.
Anacheza drafti vibaya na hakubali.

Januari, tarehe tisa: tisini na sita na robo.
Mkanda bado uko kwenye tundu la msumari.
Daktari akatabasamu, akaandika kwenye faili:
yuleyule.

Sikumbishia.